Magitaa Sita na Udi wa Marehemu Baba



Wasomaji wetu wapendwa, juma hili tunaomba ruhusa tuyaweke kando masuala ya ndoa, saumu na malezi mliyozoea kuyasoma katika safu hii, ili tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe. Tumelizuia lisifike kalamuni kwa muda wa mwaka mzima. Huenda baadhi yenu wakashangaa kumwona sheikh akiandika habari za magitaa, na wana haki ya kushangaa. Tunaomba tu msomwe mwisho wa habari kabla hukumu haijapitishwa.

Mwezi wa Januari mwaka uliopita ndugu yetu mkubwa alitupigia simu kutoka Kwanza, ule mji mdogo ulio mbele ya Kitale, katika nchi ya mahindi karibu na mlima Elgon. Yeye aliondoka Mombasa mwaka 1979 akiwa kijana, akapata ukarani kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi, akaoa mke kutoka Mumias katika jamaa za Waislamu wa zamani wa mji ule, wale ambao dini iliwafikia kwa misafara ya pwani siku za Nabongo Mumia. Tangu hapo hakurudi pwani ila kwa likizo na matanga. Sasa umri wake umepita miaka sabini. Nyumba yake ya vyumba vitano ameiuza kwa kuwa yeye na mkewe hawana tena nguvu za kuitunza, na binti yao aliyeolewa Bungoma amewatengea chumba kimoja kwake.

"Mdogo wangu," alituambia, "nina magitaa sita na udi wa baba. Chumba chenyewe kikiingia kitanda na kabati, mlango haufunguki vizuri. Njoo unisaidie kuchagua lipi liuzwe na lipi libaki."

Tulinyamaza. Naye, kwa kuwa anatujua, akaongeza: "Fatwa yako naijua tangu mwaka 1990. Sikuiti kwa ajili ya fatwa. Nakuita uje kama ndugu."

Basi hatuna budi kusema mwaka 1990 kulitokea nini. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mpigaji udi katika vikundi vya taarabu vya Mombasa, na sisi tulikua tukilala kwa sauti ya nyuzi zake. Alifariki mwaka 1988. Sisi tulikuwa madrasa, tukasoma fiqhi ya Imam Shafi na kufika mlango unaoharimisha ala za nyuzi, na tukarudi nyumbani tuna umri wa miaka ishirini na mmoja, elimu ya miaka minne, na hasira ya miaka mia. Mwaka ule ndugu yetu alikuja likizo na gitaa lake la kwanza, gitaa kavu alilolinunua kwa mshahara wake. Siku moja baada ya Isha alikaa uani akiwapigia watoto. Tulitoka chumbani, tukalinyakua mkononi mwake, tukalipiga kwenye kizingiti cha mlango mara tatu.

Watoto walilia. Ndugu yetu hakutugusa. Mama alikusanya vipande kimoja kimoja kwa kurunzi, akavifunga katika kanga yake, na asubuhi ndugu yetu akaondoka na kifurushi kile kurudi Kitale. Mama alifariki mwaka 2003. Tulikumbatiana mazishini, tukapeana mikono kila Idi tulipokutana, lakini jambo lile hatukulitaja hata siku moja. Miaka ikaenda hivyo. Wengi wenu mnazijua jamaa za namna hii, ambamo watu husalimiana vizuri sana.

Tulipanda basi la usiku kutoka Mombasa, tukabadilisha Nairobi, na kesho yake jioni tukafika Kitale. Mwezi wa Januari huko ni kiangazi: mahindi yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo ya mtu wa pwani. Shemeji alitupokea kwa chai na mikate. Magitaa yalikuwa yamepangwa sebuleni, yameegemezwa ukutani mfano wa wageni waliokuja posa.

Tuwatajie yalivyokuwa. Lilikuwapo gitaa la umeme, jekundu, pamoja na spika yake, alilolinunua Nairobi bendi moja ilipovunjika. Lilikuwapo gitaa la besi lenye nyuzi nne nene. Lilikuwapo gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili. Lilikuwapo gitaa la nyuzi za nailoni, lenye shingo pana, la namna wanayoipiga Wahispania. Lilikuwapo gitaa la zamani la aina ambayo wazee wa huko huita galatoni, limebanduka rangi kifuani kwa kupigwa. Uliuwapo udi wa baba, tumbo lake kama nusu ya tikiti. Na mwisho, mbali kidogo na mengine, lilikuwapo gitaa dogo lenye makovu, vipande vyake vimeunganishwa kwa gundi na vibao vyembamba, kama mtungi uliozibwa. Tulilitambua kabla hajatuonyesha.

"Fundi wa majeneza wa Kitale ndiye aliyeliunga," alisema. "Alichukua miezi miwili. Lakini kila Januari ufa ule mrefu hufunguka."

Akatueleza sababu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kilimo. Mbao ya gitaa hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa. Pwani huvimba, bara wakati wa kiangazi hukauka na kusinyaa, na mahali palipoungwa ndipo pa kwanza kuachana. Tena nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo sabini hivi, usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa tu. Kwa hiyo lile lenye makovu alikuwa akililegeza nyuzi kila mwezi wa Desemba, na kulikaza tena mvua zikinyesha. Miaka zaidi ya thelathini amefanya hivyo. Sisi tulidhani jambo lile lilikwisha usiku ule uani.

Tulimuuliza kwa nini aliendelea kununua. Alisema kwamba alipofika nchi ile alikuta ufundi ambao pwani hatukuwa nao. Waluhya walikuwa na litungu, ala yao ya nyuzi ya kale, inayopendwa sana na Wabukusu wa Bungoma, na vidole vilivyozoea litungu vilipopata gitaa vilizaa mtindo unaoitwa omutibo. Bingwa wake alikuwa George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963: kidole gumba hupiga sauti nzito, kidole cha shahada hupiga wimbo, na mtu wa pili hugonga chupa ya Fanta kuweka mwendo. Kutoka Kongo nako zilifika santuri za Jean-Bosco Mwenda, ambaye wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa mwaka 1952 na kusikilizwa Afrika nzima ya mashariki. Ndugu yetu alijifunza kwa mjomba wa mkewe, jioni baada ya kazi. Hakupata kupiga baa, wala kulipwa. Alipiga nyumbani, na arusini kwa jamaa.

Usiku ule hatukupata usingizi, kwa kuwa tulijua tutaulizwa na watu mfano wenu: sheikh anasimamiaje uuzaji wa ala za nyuzi? Msimamo wetu haujabadilika, na hatutaki kuwaficha. Wanavyuoni wengi, na miongoni mwao wa madhehebu yetu, wameruhusu dufu arusini na wakakataza nyuzi. Wapo waliohalalisha, kama Ibn Hazm wa Andalusia zamani, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliyeweka masharti yake. Ndugu yetu anafuata kauli hiyo ya pili, kwa kujua, wala si kwa kupuuza. Sisi twafuata ya kwanza.

Lakini kilichotukosesha usingizi kilikuwa kingine. Kitabu kile kile cha Minhaj cha Imam Nawawi, tulichokifunga kwapani tuliporudi nyumbani mwaka 1990, hakisemi mtu avunjevunje. Kinasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba ala isipondwe ovyo, bali ifumuliwe ibaki mbao kama ilivyokuwa kabla ya kutengenezwa, kwa maana mbao ni mali ya mwenyewe. Na Imam Abu Hanifa alikwenda mbali zaidi: mwenye kuvunja ala ya mtu, alisema, atalipa thamani ya ule ubao. Tumefundisha mlango huu kwa wanafunzi wetu miaka zaidi ya ishirini. Tumeueleza ubaoni kwa chaki. Hatukupata kujiuliza kama sisi tunadaiwa.

Asubuhi tukaketi, sisi, ndugu yetu na shemeji, na daftari la mkokotoo. Tukamwambia ndugu yetu: "Kabla hatujauliza lipi la kuuza, tuulize yapi ni yako." Alicheka, akadhani ni mzaha wa kishehe. Lakini tulipoanza kuhesabu, saba yakapungua.

Galatoni halikuwa lake. Liliwekwa rehani kwake na rafiki wa Kimilili aliyekopa shilingi elfu moja na mia tano mwaka ambao ada za shule zilimshinda, na rafiki yule akafariki kabla ya kulipa. Miaka ikapita, gitaa likakaa ukutani, na kukaa ukutani kukalifanya lionekane la nyumba. Rehani, wasomaji wetu, haigeuki kuwa mali ya mshikaji kwa kuchakaa kwa kalenda. Ni mali ya mdaiwa na, baada yake, ya warithi wake. Mwenye kudai ana haki ya deni lake tu, na kikiuzwa kitu, kilichozidi hurudi kwao. Ndugu yetu alifikiri kidogo, akasema: "Deni nimelisamehe. Gitaa liende kwa mwanawe." Wiki ile ile alilipeleka mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye udi. Hapo tulitaka kupita haraka, na shemeji akatuzuia.

"Maalim," alisema, "na mawifi zangu?"

Tuna dada wawili Mombasa. Baba alipofariki, nyumba iligawanywa, vyombo vya shaba viligawanywa, hata mikeka. Udi haukugawanywa. Ndugu yetu aliuchukua akaenda nao kwa kuwa ndiye aliyejua kuupiga, na sisi, tuliokuwa tukisomea mirathi wakati ule ule, hatukuuliza, kwa kuwa tulikiona kitu chenyewe kuwa najisi kisichofaa kutajwa pamoja na mali ya marehemu. Kwa dharau yetu tuliwadhulumu dada zetu wawili haki yao kwa miaka thelathini na zaidi. Hawakudai. Na ni mara ngapi, enyi akina mama na akina dada mnaosoma, mmeambiwa kwamba kutodai kwenu ni dalili ya kuridhika?

Tukaandika daftarini. Wavulana wawili na wasichana wawili: mafungu sita, kila mvulana mafungu mawili, kila msichana fungu moja. Thumuni ya mama nayo, baada ya kufariki kwake, imerudi kwetu wanne kwa mafungu yale yale. Udi basi hauuzwi Kitale kwa neno la mmoja. Utarudi Mombasa, wenyewe waamue.

Yakabaki matano. Hapo ndipo swali la ndugu yetu lilipoanza kwa haki.

Mwenye baa mmoja alikuwa amekwisha sikia habari. Alikuja siku ya pili kwa pikipiki, akayatazama yote saba kwa mtazamo mmoja, akasema atatoa shilingi elfu tisini kwa mpigo, na gari lake litakuja Ijumaa. Tunakiri kwamba bei ile ilikuwa nzuri, na mzigo ulikuwa unaondoka kwa siku moja. Vitabu vya fiqhi vina suala maarufu la mtu anayemuuzia zabibu yule anayejua kuwa atazikamua mvinyo. Tulifungua kinywa tulitaje. Ndugu yetu alitutangulia. Alimwambia yule mtu: "Bwana, mimi sijapiga baa maisha yangu yote. Magitaa yangu yakaanze uzeeni?" Mwenye baa alicheka, akanywa chai, akaenda zake bila chuki.

Tulijaribu kupendekeza makumbusho. Kitale wana makumbusho mashuhuri, na asili yake ni mkusanyiko wa mtu mmoja: afisa wa Kiingereza aitwaye Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926, baadaye mkusanyiko ule ukawa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 1974. Tulidhani ni heshima. Ndugu yetu alitikisa kichwa. "Kipepeo hatatumika tena," alisema. "Gitaa lisiloshikwa hufa. Nataka liende kwa mwenye vidole."

Kwa hiyo kipimo chake cha kwanza kikawa hiki: alilonunua ili alipige, na alilonunua ili alione. Gitaa jekundu la umeme alilipenda zaidi ya yote kwa macho. Alikiri kwamba kwa miaka kumi na miwili hakulipachika kwenye umeme hata mara moja. Besi vilevile, besi huhitaji wenzake, na wenzake walikuwa wamekufa au wamehama. Mwalimu wa muziki wa shule moja ya sekondari, anayetayarisha wanafunzi kwa tamasha la muziki la kila mwaka, alichukua mawili hayo na spika kwa shilingi elfu hamsini na mbili. La nyuzi kumi na mbili lilikuwa zito kwa mkono wa kushoto, maana huko kila mbonyezo ni wa nyuzi mbili pamoja, na vifundo vya vidole vyake vimevimba. Hilo lilichukuliwa na kijana wa kwaya ya kanisa jirani kwa elfu kumi na tano. Alitusalimu kwa adabu, akaona kanzu yetu, akauliza kama yafaa. Ndugu yetu akamjibu kwamba ujirani wa miaka arobaini haukuanza na gitaa wala hautakoma kwa gitaa.

Yakabaki mawili: la nailoni na lile lenye makovu. Binti alikuwa ameruhusu moja tu. Nyuma ya mlango, alisema, hapana nafasi ya la pili. Sisi moyoni tulikwisha kuamua. Tulidhani, na huenda nanyi mnadhani, kwamba mtu atabaki na lile la kwanza, la mshahara wa ujana, lililookotwa vipande na mama. Tulikuwa tumejiandaa hata kumpa nauli ya gari la kulibeba kwa uangalifu.

Ndugu yetu hakusema neno. Shemeji ndiye aliyesema. Tutaomba mnaosoma mlitazame jambo hili: siku tatu tulikuwa tumeketi wanaume wawili na daftari, na mwanamke aliyeyapangusa vumbi magitaa yale kwa miaka yote alikuwa akituletea chai. Hatukumwuliza yeye lolote. Alijiuliza na kujijibu mwenyewe.

"La nailoni," alisema. "Hayo mengine huyapiga wageni wakija. Alipofiwa na mama yenu alishika la nailoni. Tulipompoteza mtoto wetu wa tatu alishika la nailoni. Na sasa vidole vyake, nyuzi za chuma haviziwezi tena, ila anaona haya kusema."

Ndugu yetu alitazama mikono yake. Kisha akasema: "Ni kweli. Na hili dogo nataka liende. Kila nikilitazama nakuona wewe, una miaka ishirini na mmoja, macho mekundu. Umekuwa mzee sasa. Nataka nikukumbuke na sura hii."

Hatukuwa na la kujibu. Tulitoka nje tukatawadha, ingawa wakati wa Adhuhuri haujaingia.

Mnunuzi wa gitaa lile alikuwa kijana wa Endebess, mkulima, anayejifunza omutibo kwa kusikiliza nyimbo za zamani katika simu. Alilipiga kidogo, akapenda sauti yake, akatoa elfu kumi. Mnakumbuka habari ya Mtume wetu (S.A.W.) sokoni Madina, alipotia mkono katika rundo la chakula vidole vikakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka wazi juu watu wauone. Ndugu yetu hakuhitaji kukumbushwa. Aligeuza gitaa, akamwonyesha kijana kovu moja baada ya jingine, na ule ufa mrefu unaofunguka Januari, na namna ya kulegeza nyuzi.

Kijana akauliza: "Lilipatwa na nini, mzee?"

Ndugu yetu akasema: "Lilianguka."

Wasomaji wetu, alikuwa akitusitiri. Miaka yote ile alikuwa amewajibu hivyo watu wote waliouliza. Shemeji alituambia baadaye kwamba hata watoto wake hawajui. Nasi tulikuwa na nafasi ya kunyamaza kimya, na hakuna ambaye angejua. Tulisema:

"Halikuanguka. Mimi nililivunja, kwa kusudi. Na nilikosa."

Kijana aliona haya kwa niaba yetu, akainamisha macho. Ndugu yetu aliendelea kukunja mkanda wa gitaa kama hakusikia. Baada ya kitambo kijana akasema, kwa upole, kwamba kwa ajili ya ufa atatoa elfu sita. Ndugu yetu akakubali. Kanga iliyokuwa imelifunika, ile ya mama, maandishi yake yamekwisha kufifia, shemeji aliikunja akaiweka kando bila kuuliza mtu.

Katika fiqhi ya biashara pana neno arshi: tofauti baina ya thamani ya kitu kizima na kitu hicho kikiwa na kasoro. Kwa miaka mingi tungeweza kujitetea kwamba hatujui tunadaiwa kiasi gani. Mchana ule tuliambiwa kiasi chenyewe sebuleni, na mkulima wa Endebess asiyejua kwamba anahukumu. Kijana alipoondoka tulitoa shilingi elfu nne tukaziweka juu ya meza mbele ya ndugu yetu. Tulitaraji azisukume zirudi, kama ilivyo ada ya ndugu. Hakuzisukuma. Alizichukua, akazihesabu noti moja moja, akazikunja, akazitia mfuko wa shati. Kisha akasema: "Haya. Twende tukasali."

Tumefikiri sana baadaye juu ya kuhesabu kule. Lau angezirudisha, tungerudi Mombasa na sifa ya kuwa tumejaribu. Kwa kuzihesabu alitutendea kama mdaiwa aliyelipa, na mdaiwa aliyelipa ni mtu huru.

Jumla alipata elfu sabini na tatu, ukilinganisha na elfu tisini za mwenye baa. Hakulalamika. Mwisho wa mwezi walihamia Bungoma kwa lori dogo, kupitia Kiminini na Kamukuywa, na gitaa la nailoni likasafiri mapajani mwa shemeji.

Na udi? Udi tuliubeba sisi. Mtafikiri wenyewe: sheikh mwenye kanzu na kofia, na ndevu zilizoingia mvi, akiingia basi la usiku Kitale na udi umefungwa shuka. Utingo alituuliza kama tuna shoo Nairobi. Tulimjibu kuwa tunapeleka mirathi ya dada zetu, akanyamaza, akatupa kiti cha mbele.

Mombasa fundi mmoja wa ala aliukadiria kuwa elfu thelathini na sita. Kila fungu basi ni elfu sita. Dada mdogo aliomba fungu lake taslimu, kwa kuwa ana mtoto chuoni. Dada mkubwa aliutaka udi wenyewe. Alisema si wa kupiga, ni wa kuona. Akamlipa mdogo wake elfu sita, akampelekea ndugu yetu elfu kumi na mbili, na mafungu yetu mawili tukamwachia. Udi umetundikwa kwake. Tukienda kumtembelea tunakaa kiti kinachoutazama.

Hatuandiki haya ili kuwafundisha habari za magitaa. Lakini wengi wenu mko katika umri wa kuhama, au mna wazazi wanaohama, kutoka nyumba kubwa kwenda chumba cha mtoto. Na hapo ndipo masanduku hufunguliwa: dhahabu, kanga za harusi, vyombo vya kauri, vitabu, cherehani ya bibi. Kabla hamjauliza ni kipi cha kuuza, ulizeni yapi kati ya hayo ni yenu. Ulizeni kama kimo kilichowekwa rehani, au ambacho dada hakupewa fungu lake. Chenye kasoro, semeni kasoro, na mkiwa ninyi ndio mlioitia, semeni hilo pia. Na mwulizeni yule anayepangusa vumbi.

Juzi ndugu yetu alipiga simu. Januari nyingine imeingia, na alikuwa amempigia yule kijana wa Endebess kumkumbusha alegeze nyuzi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyavunja kwa mikono yetu, atuwafikishe kulipa tungali hai, na awahifadhi ndugu zetu na dada zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.